Siku ya Nne ya Mwashi

Watoto wa Déo wanajua baba yao alipoteza jicho wapi. Wanajua kwamba ilikuwa Isipingo, huko kwa Wazulu, kwenye uchochoro wa nyuma ya stendi ya taxi, na wanamjua hata yule mama aliyewatimua waliokuwa wakimpiga. Wasichojua ni kwa nini alikuwa nje saa ile, wakati wageni wote wa mtaa ule walikuwa wamejifungia. Tulipomzika mwezi uliopita, mchungaji alisema Déo alitoka kwa sababu alikuwa na moyo wa kuwatumikia wenzake, watu wakaitikia amina, na mimi nikaitikia pamoja nao. Nilikuwa nimesimama karibu na jeneza kuliko mtu yeyote asiye wa damu yake. Baadaye, katika flati yao ya Overport, tukiwa na sahani za wali na sombe ya majani ya muhogo mapajani, mjane wake, Mama Furaha, aliniinamia akasema, "Shemeji, wewe ndiye umebaki. Salumu alirudi kwao Kigoma, hatujui hata kama iko mzima. Uniandikie ule mwaka. Furaha na wadogo zake wanauliza: papa alitoka kutafuta nini? Mimi nawaambia maji, wananiangalia tu." Nilimwahidi kuandika. Nilidhani nitaandika vile mchungaji alivyosema. Nilijaribu mara mbili, nikazichana karatasi zote mbili.

Nina miaka sitini na minane sasa. Mwaka ule nilikuwa nimeshavuka arobaini na tano, si kijana kwa hesabu, lakini mtu akifika nchi ya watu bila mke, bila nyumba, bila hata kiti anachoweza kukiita chake, huanza upya kama mvulana, na upumbavu wa uvulana humrudia. Tulikuwa wanne katika duka moja refu na jembamba kama behewa. Mbele palikuwa na kaunta yangu ya simu na kadi za muda wa maongezi. Katikati palikuwa na kiti cha Déo cha kunyolea, kiti chekundu cha ngozi ya bandia ambacho alikifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye spiriti kama padri anayefuta altare. Nyuma ya kiti lilining'inia pazia la maua, na nyuma ya pazia ndipo tulipopika, tulipokula na tulipolala: Déo na Mama Furaha upande wa ukuta, mimi na Salumu, fundi simu wa Kitanzania, upande wa friji mbovu tuliyoitumia kama kabati. Mtoto wao Furaha, aliyekuwa bado ananyonya kidole, alikuwa ameachwa kwa dada mmoja wa kanisani kule Overport, kwa sababu chumba chetu kilikuwa na moshi wa risasi ya kulehemu na harufu ya nywele zilizoungua. Jioni Mama Furaha alisonga bugali kwenye jiko la umeme lililokuwa na koili moja tu hai, na mabishano yakaanza kabla hatujanawa. "Dagaa hawa leo wana chumvi," Salumu angesema. "Ndakala," Déo angemsahihisha, kwa jina la ng'ambo ya ziwa. "Ndugu yangu," Salumu angejibu, "samaki ametoka ziwa moja, upande wetu ndiko anakoanikwa vizuri." "Upande wenu anaanikwa kwenye mchanga, ndiyo maana unatafuna kama kokoto." Mimi nilikula kimya, nikachukua kipande kikubwa wakati wao wanabishana. Hata leo nikikumbuka meza ile, najiona mkono ukienda kwenye sufuria huku wengine wakicheka.

Sumo, mieleka ya Wajapani, ilitujia kwa njia ya nywele. Gari la mhandisi mmoja wa Kijapani, mfanyakazi wa kiwanda cha magari kilichokuwa karibu, liliharibika mbele ya duka letu, na alipokuwa akisubiri kuvutwa alikaa kwenye kiti chekundu. Déo hakuwahi kukata nywele za namna ile. Alizikata polepole, akizishika kama mtu anayeshika nyasi za kuezekea, na yule Mjapani hakumjali, alikuwa anatazama simu yake. Déo alichungulia juu ya bega lake. Wanaume wawili wakubwa, uchi isipokuwa mshipi mpana wa kitambaa kiunoni, walikuwa wamechuchumaa kwenye duara la udongo, wakitazamana. Kisha waligongana vichwa. Ilitoka sauti kama ya jembe likigonga jiwe. Déo aliacha mkasi hewani. "Rudisha," alisema kwa Kiswahili, na yule mtu, sijui alielewa vipi, akarudisha. Alikuja kunyolewa mara tatu zaidi kabla hajarudi kwao, na kwa Kiingereza kidogo na vidole vingi alitufundisha yote tuliyoyajua: kwamba mashindano yanakuja mara sita kwa mwaka na kila moja linachukua siku kumi na tano, kwamba kila mtu anapigana mara moja tu kwa siku, kwamba atakayeguswa na ardhi popote pengine isipokuwa nyayo, au atakayetoka nje ya kamba, ameshindwa, na kwamba yule aliyepanda kutoka chini huletwa mbele ya wakubwa siku za kwanza kabisa. "First days," alisema, akitafuna hewa, "small man, eaten." Déo alicheka mpaka akakaa chini.

Majina yao ya Kijapani hayakukaa vinywani mwetu, kwa hiyo tuliwabatiza. Yule bingwa mkuu, aliyeingia duarani kama mtu anayeingia uani kwake, tulimwita Mwami, yaani mfalme. Mtu mmoja mnene aliyekwenda mbele tu, hajui kukata kona, Salumu alimchagua akamwita Treni, akasema ni ya reli ya kati na inachelewa lakini inafika. Déo alimpenda mmoja wa watu wa chini, mfupi, vidole vyote vimefungwa bendeji, kila wakati na michubuko kwenye paji la uso. Alimwita Mwashi. "Ona mikono yake," alisema, "huyu anajenga. Huyu alifanya kazi kabla ya kuja hapa." Mashindano mawili tulimwona Mwashi akishinda watu wa daraja lake na kupanda, na Déo alitembea dukani kama vile amepandishwa yeye. Mimi nilimchagua Mwami. Sikumpenda. Nilimchagua kwa sababu hakuwa anashindwa, na nilifurahia namna alivyopiga watu: kofi moja la shavuni mwanzoni kabisa, kabla mwenzake hajanyanyuka sawasawa, halafu bega. Nilirudisha kofi lile mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Mashindano yale ninayotaka kuyasimulia yalianza Jumapili, na Jumamosi yake fujo zilikuwa zimeshafika Isipingo. Kwa wiki nzima tulikuwa tumesikia kwamba wageni wanapigwa upande wa katikati ya mji. Siku ile tulisikia wenyewe. Kwanza filimbi, kisha miguu, kisha vioo. Tulishusha mlango wa bati, tukaweka kufuli ndani, tukazima taa. Kwenye bati palikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu, kazi ya kutu, na mimi nilikuwa wa kwanza kuweka jicho. Nilimwona kinyozi wa Malawi wa duka la jirani akiburutwa kwa kola. Walimpiga kwa kiboko kirefu cha ngozi mpaka shati likapasuka mgongoni, halafu wakapiga mgongo wenyewe. Mmoja alikuwa na televisheni ya duka kichwani, akasimama nayo vilevile akamtemea mate na kuendelea na safari. "Unaona nini?" Salumu alininong'oneza. "Hakuna kitu," nilisema. Waligonga bati letu kwa nondo. "Vula, kwerekwere! Vula!" Fungua, wewe mgeni. Mama Furaha alikuwa ameziba mdomo kwa kanga yake mwenyewe. Bati halikufunguka, wakaenda. Hatukuthubutu kukimbia, kwa sababu njia zote zilipitia stendi, na hatukuwa na uhakika kama watu wa taxi wangetupakia au wangetukabidhi.

Unga tulikuwa nao, ndakala tulikuwa nao. Maji hatukuwa nayo. Bomba letu lilikuwa kwenye uchochoro, hatua kama hamsini kutoka mlango wa nyuma, na kila siku ililazimu mtu mmoja atoke na dumu la lita ishirini. Tuligundua kwamba kati ya saa tano na saa sita za mchana mtaa ulipumua. Wale vijana walikuwa wamelala au wamelewa. Swali lilikuwa nani aende. Jumapili asubuhi tulikaa tumezunguka dumu tupu, hakuna anayemtazama mwenzake, na wazo lililokuja lilikuwa langu. Nalisema wazi: lilikuwa langu. "Leo mashindano yanaanza," niliwaambia. "Kila mtu iko na mtu wake. Atakayeangushwa mtu wake, yeye ndiye anaenda bombani. Wakianguka wawili, anaenda yule aliyeanguka haraka zaidi."

"Yaani mzee," Salumu alisema, "maisha yangu yategemee matako ya Mjapani?"

"Tukipiga kura ya vijiti mtasema nimewadanganya. Hawa wako mbali. Hawatujui."

"Mungu awasamehe," Mama Furaha alisema. "Watu wanachinjana nje, nyie munacheza. Basi na mimi mnipe mtu wangu, niende."

"Wewe hapana, mke wangu," Déo alisema. Kisha alinitazama, akatabasamu. "Mukubwa, wewe uko na Mwami. Hautaenda hata siku moja."

"Basi badilisha," nilimwambia. "Chukua mtu mwingine. Hujachelewa."

"Nimwache Mwashi? Siku anayopelekwa kwa wakubwa? Hapana. Tutaona."

Nilijua atajibu hivyo. Nilimjua kama ninavyojua kiganja changu, na nililipanga lile wazo juu ya uaminifu wake.

Mtandao ulishika mbele tu, kwenye kaunta, modemu ya kompyuta yangu ikiwa imebanwa kwenye upenyo wa bati. Lakini mbele hatukuruhusu sauti wala mwanga mwingi, kwa hiyo nilikaa peke yangu chini ya kaunta, nimejifunika blanketi, nikipakua mapigano ya mwisho ya siku. Yakimaliza nilifunga kompyuta, nikaipeleka nyuma ya pazia tukaangalia wote, sauti imepunguzwa kabisa. Siku tatu za kwanza nilikuwa mwaminifu. Sikutazama kabla yao. Siku ya kwanza Treni alivutwa mkono akapita moja kwa moja nje ya duara, sekunde mbili, akaangukia watazamaji. Mwashi naye alisukumwa nje, lakini alikaa muda. Salumu alikwenda bombani, akarudi na maji nusu dumu na kidole kimechanika, kwa sababu alikimbia akajikwaa. Alicheka sana usiku ule, kicheko cha mtu aliyepona. Siku ya pili mkubwa mmoja alimpiga Mwashi makofi kumi au kumi na mawili ya uso, moja baada ya jingine, mpaka damu ikatoka puani na kudondoka kwenye udongo, na waamuzi waliisubiri ifutwe. Déo alikuwa amekunja ngumi mbili kwenye magoti. "Simama tu," alikuwa akimwambia. "Simama tu, ndugu yangu." Mwashi alisimama mpaka akarushwa. Déo alikwenda bombani. Siku ya tatu Mwashi aliwekwa mbele ya Treni, na Treni akampitia.

"Reli ya kati!" Salumu alisema.

"Nyamaza," Déo alisema.

"Imefika kwa wakati leo."

Déo alimshika koo. Sijui nani alishangaa zaidi. Walianguka juu ya sufuria, bugali likamwagika, Salumu akampiga kiwiko mdomoni, Mama Furaha akawapiga wote wawili kwa mwiko, akilia bila sauti. Mimi nilikuwa nimeinua kompyuta juu ili isivunjike. Walipoachana, Déo alifuta mdomo, akamwokotea Salumu kofia yake, akampa. Kisha akachukua dumu, akatoka. Tulimsubiri dakika ishirini na tano. Aliporudi alisema kuna vijana wameanza kukaa karibu na bomba, watano au sita, wana nondo, na leo walimtukana tu. "Kesho," alisema, "sijui." Hatukula jioni ile. Tulisikia kwa mbali mtu akiomba kwa Kireno, maneno yaleyale, yaleyale, halafu hatukumsikia tena.

Siku ya nne Mwashi alipangiwa Mwami. Nilijua tangu jana yake, sote tulijua. Kwa maana nyingine, siku ile ilikuwa mimi au Déo, na hakuna mtu chumbani aliyedhani ni mimi. Nilitambaa mpaka kaunta, nikajifunika blanketi, nikapakua. Nje palikuwa kimya ila kwa tundu lile nilisikia vijana wakicheka, na chuma kikiburutwa kwenye lami. Nilitaka kuona tu kwamba niko salama. Nilitaka kuiona dakika chache kabla ya wengine, kama mtu anayegusa mfuko wake kuhakikisha. Nikafungua.

Mwami alitoa kofi lake. Lilimpata Mwashi sawasawa, kichwa kikageuka. Lakini Mwashi hakusimama kungoja bega. Aliingia chini, akaweka paji lile la michubuko kwenye kifua cha Mwami, na vidole vya bendeji vikashika mshipi. Walikaa hivyo. Mgongo wa Mwashi ulitetemeka. Mwami alimwinua mara moja, miguu ikaacha udongo, ikarudi. Alimsukuma mpaka kamba, visigino vya Mwashi vikakanyaga kamba yenyewe, na hapo ukingoni kabisa yule mtu mfupi aligeuza nyonga, akavuta, na mlima ule ukapita juu ya paja lake ukaanguka mgongo chini. Watu walisimama. Walitupa mito waliyokuwa wameikalia, mamia ya mito, ikinyesha kwenye duara. Mwashi alichuchumaa katikati ya mito, mdomo wazi, damu kwenye meno, akitazama mikono yake kama mtu aliyepewa mikono ya mwingine. Niliyaona hayo bila sauti, chini ya blanketi, na naapa kwamba kwa nukta moja nilifurahi. Nilifungua mdomo kumwita Déo.

Kisha nilisikia tena kile chuma kwenye lami, nikakumbuka kanuni niliyoitunga mwenyewe.

Nilifuta. Nilichomoa modemu, nikakaa nikahesabu mpaka mia, nikaenda nyuma ya pazia. "Mtandao leo hakuna," niliwaambia. "Nimejaribu, inakataa."

"Tungoje," Mama Furaha alisema.

"Tukingoja saa inapita, wale wataongezeka," nilisema. Maneno yalitoka laini kabisa. Nayasikia bado.

Salumu alikuna kichwa. "Treni leo kapewa mtu dhaifu. Na Mwashi kwa Mwami... mimi simcheki mtu, Déo, lakini hata kipofu anajua."

Déo alinitazama. Siku nyingi nimejiuliza kama alikuwa anatafuta kitu usoni kwangu. Nadhani hapana, alikuwa anatafuta matumaini tu, na mimi ndiye nilikuwa mtu wa kompyuta. "Sawa," alisema. "Haki ni haki. Hawezi kumshinda huyo wako." Akachukua dumu. Mlangoni alimgeukia mkewe. "Ukisikia kelele usifungue."

Mlango wa nyuma ulikuwa na upenyo pembeni mwa bawaba, na kwa upenyo ule niliona yote. Alifika bombani. Dumu lilijaa. Hawakumkimbilia, walimjia wakitembea, kama watu wanaokwenda kazini. Mmoja alimwuliza kitu kwa Kizulu, nadhani walimwuliza kiwiko kinaitwaje, ndivyo walivyokuwa wakiwapima watu, na Déo alijibu kitu kingine. Wa kwanza alimpiga na nondo kwenye mkono wa kulia uliobeba dumu. Niliuona mkono ukikunjika mahali pasipo na kiungo. Alianguka magoti, maji yakammwagikia, akajaribu kusimama, na sikuweza kutokumwona Mwashi. Walimpiga mgongoni, mbavuni, kichwani. Aliinua mkono wa kushoto, wakaupiga. Kijana mmoja, ambaye hakuwa na nondo, alimpiga teke la uso, akarudi nyuma hatua tatu, akaja tena na teke lilelile. Hilo ndilo lililochukua jicho. Déo hakupiga kelele. Nilikuwa nimeshika komeo. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo wakati wote, na haukusogea.

Aliyesogea ni Mama Furaha. Alinisukuma, mimi mwanamume wa kilo tisini, nikapiga ukuta, akafungua akatoka mikono mitupu. Lakini mtu mwingine alikuwa amemtangulia: yule mama wa Kizulu aliyeuza mahindi ya kuchemsha pembeni ya stendi, ambaye hatukuwahi kumsalimia zaidi ya *sawubona*. Alikuja na sufuria yake ya mahindi ikitoa mvuke, akawamwagia miguu. Aliwatukana mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Alimpiga makofi yule wa mateke, kulia kushoto, na kijana akaziba uso kama mtoto. Waliondoka wakichechemea, wakicheka ili wasionekane wamefukuzwa. Wanawake wale wawili walimburuta Déo ndani, na mama wa mahindi ndiye aliyemsimamisha dereva wa taxi na kumwamuru awapeleke hospitali. Salumu alikaa kwenye kiti chekundu. Alirudia neno moja: "Lakini haki ilikuwa haki. Haki ilikuwa haki." Mimi ndiye niliyefuta sakafu.

Mkono ulipona vibaya. Vidole viwili havikukunjika tena, na mkasi unahitaji vidole. Kinyozi wa kwanza niliyemwona akifuta kiti kama altare alimaliza maisha yake akilinda magari kwenye maegesho ya maduka ya Pinetown, na koti la manjano, jicho moja, akiwaelekeza watu kurudi nyuma. Nilikuwa rafiki mzuri. Nilimpeleka kliniki, niliwabebea unga, nilisimama kwenye ubatizo wa watoto wawili waliofuata. Watu walisema, tazama Zakaria anavyompenda Déo. Hospitalini, uso wake umefungwa wote, swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mukubwa, mtandao ulirudi? Mwashi alifanyaje?" Nilimwambia Mwashi hakupigana siku ile, alikuwa ameumia mkono, akahesabiwa ameshindwa. "Maskini," alisema. "Basi afadhali mimi nilienda." Hakutazama tena sumo, alisema jicho moja halitoshi. Lakini kila mashindano yalipoanza aliniuliza habari za Mwashi, nami nikamwambia: ameshinda saba, ameshinda sita, ameshuka, amestaafu. Yote hayo yalikuwa kweli. Nilimwambia kila siku ya mtu yule isipokuwa moja.

Juzi nilipeleka karatasi hizi Overport. Nilitaka kuziacha mlangoni. Mama Furaha alisema miwani yake imevunjika, nimsomee. Nikasoma mpaka mwisho wa siku ya tatu, nikakunja karatasi. "Endelea," alisema. Nikaendelea. Nilisoma mpaka kwenye jicho, mpaka kwenye komeo, mpaka hapa. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza.

"Alishinda?" aliuliza.

"Alishinda."

"Kweli? Yule mufupi?"

"Kweli."

"Nionyeshe."

Pambano lile liko kwenye mtandao, mtu yeyote anaweza kuliona. Lilikuwepo miaka yote. Nililitafuta kwenye simu yangu, nikampa. Alilisogeza karibu na macho. Alilitazama mara tatu, midomo ikitikisika kila Mwami anapoanguka, na mara ya tatu alisema taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuniambia mimi, "Déo angeruka. Angevunja hiyo friji." Kisha aliweka simu chini, akasimama, akanipiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyesonga bugali miaka arobaini. Sikio langu lililia. Sikuinua mkono, naye hakurudia.

"Acha karatasi hapo mezani," alisema. "Watoto watasoma. Usipunguze kitu."

"Niliogopa, Mama Furaha."

"Siku ile uliogopa. Hiyo naielewa, hata mimi niliogopa mpaka nikajikojolea, andika na hiyo." Alikaa tena, akanitazama moja kwa moja. "Miaka hii mingine yote, shemeji, tukila pamoja, ukimbeba Furaha, Déo akikuita mukubwa. Ulikuwa unaogopa nani?"

Alingoja. Chini mtaani magari yalipiga honi, yakanyamaza, yakapiga tena, na yeye hakuniondolea macho. Nimerudi nyumbani nikaongeza kurasa hizi za mwisho ili watoto wazikute pamoja na zile nyingine, na swali la mama yao bado sijalijibu.